Pamu chotara na pamu ya mabaka si kitu kimoja

Pita kwenye vitalu vya maua vya kando ya barabara, kuanzia Mwenge hadi Tegeta, au vuka maji uende Kigamboni. Utakuta mche wa jamii ya mnazi wenye majani nusu kijani nusu njano, bei yake mara kadhaa ya mwenzake wa kijani mtupu. Ukiuliza sababu, jibu huwa fupi: "Mama, hii ni chotara, ndiyo maana ina rangi mbili." Hatua chache mbele, muuzaji mwingine ana mnazi mfupi, naye anauita chotara. Wa tatu ana mche wa kijani kabisa na anaapa ni chotara "ya kubebesha". Mtandaoni ndiyo usiseme: kuna mbegu za pamu ya bluu, ya zambarau, mpaka ya rangi zote za upinde wa mvua.

Mche wa kwanza yawezekana kabisa si chotara. Wa pili, kwa kawaida, si chotara. Wa tatu hauwezi kuwapo. Na hizo za upinde wa mvua ni picha zilizotiwa rangi kwenye kompyuta.

Tuanze na maneno yenyewe. Pamu, kama wauza maua wa Dar es Salaam wanavyoziita, ni mimea ya jamii moja na mnazi: mchikichi, mtende, mkindu, mkoche, mvumo, mpopoo na wengineo. Duniani kuna spishi zipatazo 2,600. Spishi zilizo karibu kiukoo huwekwa kwenye kundi liitwalo jenasi. Mtende na mkindu, kwa mfano, wako jenasi moja, Phoenix. Si kila kinachouzwa kwa jina la pamu kimo humo. Ule mti wa majani yaliyopangwa mfano wa upepeo mkubwa, "pamu ya msafiri", uko karibu zaidi na mgomba kuliko mnazi. "Sago pamu" ni saikadi, mmea wa ukoo wa kale usiotoa maua kabisa. Hivyo viwili viweke kando. Hakuna mnazi utakaozaa navyo.

Chotara ni habari ya wazazi. Mmea ni chotara pale mama yake, yaani mti uliobeba tunda, na baba yake, yaani mti uliotoa chavua, wanapokuwa wa spishi mbili tofauti, au wa aina mbili zilizotengana vya kutosha ndani ya spishi moja. Wafugaji hawahitaji darasa hapa. Jogoo wa kisasa akipanda kuku wa kienyeji, vifaranga ni chotara, iwe wametoka weusi au wekundu. Na ukiwaachia chotara hao wazaliane wenyewe kwa wenyewe, kizazi kinachofuata hutoka kila mmoja na lake.

Mabaka ni habari nyingine. Ni jani ambalo baadhi ya sehemu zake zimekosa umbijani, ile rangi ya kijani inayouwezesha mmea kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mti wa ukoo safi kabisa unaweza kuwa na mabaka. Chotara anaweza kuwa kijani tangu chini hadi kileleni, na wengi ndivyo walivyo.

Mnazi mfupi unasingiziwa

Kosa linalosikika zaidi mjini ni kuuita kila mnazi mfupi chotara. Mnazi wa asili wa pwani yetu, mrefu wa Afrika Mashariki, hupita mita 20 na huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuanza kuzaa. Mnazi mfupi, uwe wa njano wa Malaya au mwekundu wa Pemba, huzaa ukiwa na miaka mitatu au minne, nazi zikining'inia usawa wa kifua. Mtu akiona hivyo anadhani lazima maabara imehusika. Haikuhusika. Ufupi ni tabia ya aina hiyo, na tena mnazi mfupi una ukoo safi kuliko ule mrefu.

Sababu iko kwenye maua. Mnazi hubeba maua dume na maua jike ndani ya karara moja. Kwenye mnazi mrefu, maua dume humwaga chavua na kwisha kabla ya maua jike ya karara hiyohiyo kuwa tayari, kwa hiyo jike hupokea chavua ya jirani. Kwenye mnazi mfupi nyakati hizo mbili huingiliana, na mti hujichavusha wenyewe. Mfupi huzaa mfupi, kizazi baada ya kizazi.

Chotara wa mnazi hupatikana kwa kuwaoanisha hao wawili kwa makusudi. Maarufu zaidi ni PB121 wa Kodivaa: mama mfupi wa njano wa Malaya, baba mrefu wa Afrika Magharibi. Kwenye shamba la akina mama, mafundi hukata maua dume yote kabla hayajafunguka, kisha huleta chavua ya baba na kuipuliza kwenye maua jike. Halafu wanangoja karibu mwaka mzima nazi ikomae.

Hata kwa uangalifu huo, chavua ya mama au ya jirani yake mfupi hupenya mara mojamoja. Utajuaje mche upi ni chotara na upi ni mwana wa mama peke yake? Kwa rangi ya chipukizi. Mche wa njano safi hutoa kikonyo cha njano kilichopauka. Chotara hutoa kikonyo cha kijani au chenye ukahawia, kwa kuwa rangi ya baba huifunika ile ya mama. Mtu wa kitaluni hupita mstari kwa mstari akiing'oa ile ya njano.

Kwa maneno mengine, mche wa njano ambao mteja wa kando ya barabara anaulipia zaidi akidhani ni chotara ndio ambao mzalishaji wa chotara anautupa.

Lakini mbinu hiyo ina masharti mawili. Lazima umjue mama kwa hakika, na lazima rangi ya mama iwe ile inayomezwa na rangi ya baba. Ukiletewa mche usiojulikana ulikotoka, rangi ya kikonyo haikwambii chochote. Ndiyo maana ukitaka mnazi chotara kwa dhati, njia ya maana ni kuanzia kwa watu wanaotunza kumbukumbu za mama na baba. Hapa mjini tunayo bahati ya kuwa na kituo cha Mikocheni cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, ambacho kimeshughulika na minazi kwa miongo kadhaa.

Hesabu ya kizazi cha pili

Tangu kampeni ya michikichi ya Kigoma ishike kasi mwaka 2018, neno "tenera" limesikika hata kwa watu wasio na shamba. Tenera ni chotara ndani ya spishi moja: mama dura, mwenye kokwa la gamba nene, na baba pisifera, asiye na gamba. Mtoto hutoka na gamba jembamba na nyama nyingi ya kukamua mawese.

Sasa okota mbegu chini ya tenera, ambaye kachavushwa na tenera mwenzake, uipande. Katika kila miche minne, kwa wastani mmoja atarudi kuwa dura, wawili watakuwa tenera, na mmoja pisifera, ambaye mara nyingi hazai kitu cha maana. Miche yote minne inafanana. Utagundua baada ya miaka, tunda likikatwa katikati. Mbegu ya chotara wa bustani ina mchezo huohuo: mti mzuri unaouona kwa jirani hauahidi kwamba mbegu zake zitakupa mti kama ule.

Mtende, mkindu na jirani wa Mbezi Beach

Kwa bustani za Dar, kundi ninalolishuku kuliko yote ni Phoenix. Lina spishi zipatazo 14, na karibu zote huzaana kwa urahisi zikikutanishwa, tena watoto wao nao huzaa. Zaidi ya hayo, miti yake ina jinsia: mmoja ni dume, mwingine ni jike. Jike hawezi kujichavusha hata akitaka. Kila mbegu ina baba aliyesimama mahali pengine.

Fikiria hali ilivyo hapa kwetu. Mkindu, ule ambao ukindu wake husukwa mikeka, ni mwenyeji wa mabonde na sehemu zenye maji za pwani. Mtende hupandwa kwa pambo hotelini na majumbani, ingawa unyevu wa Dar hauuruhusu kuivisha tende vizuri. Kisha kuna kitende kibete, Phoenix roebelenii, asili yake Laos na maeneo ya jirani, ambacho sasa kiko kwenye kila geti la pili Mbezi Beach. Upepo na wadudu wanapita kote humo. Mbegu iliyookotwa chini ya kitende kibete ina mama anayejulikana na baba wa kubahatisha, na muuzaji aliyeiotesha hakosei kwa ujanja: hajui, kama ambavyo wewe hujui.

Kuitambua Phoenix ni rahisi. Shika jani: vijani vilivyopangwa kwenye uti vimekunjwa kwa umbo la V lililofunguka juu, na vile vya chini kabisa karibu na shina vimegeuka miiba. Kuitambua Phoenix chotara ndiyo kazi. Kitende kibete halisi kina majani laini, shina jembamba, na hupita mita mbili au tatu kwa shida. Mkindu huota kwa shada la mashina yaliyoinama, hufika mita 10, na miiba yake inauma kweli. Ukiona "kibete" kinachokimbia kwenda juu, chenye majani makavu kuguswa, miiba mirefu na machipukizi ubavuni, mshuku mkindu. Hata hivyo usihukumu kwa alama moja. Machipukizi peke yake hayatoshi, kwa sababu kitende kibete porini kwao nacho huota kwa shada. Kivuli hurefusha majani, mbolea hunenepesha shina, na mche wa mwaka mmoja hauna sura ya utu uzima bado. Chotara anatambulika kwa alama nyingi zinazoangukia katikati ya wazazi wawili: shina, miiba, mpangilio wa vijani, shada la maua, tunda, kokwa. Pasipo hapo ni kipimo cha vinasaba, ambacho hakuna mtu atakilipia kwa mti wa getini.

Wapo pia chotara wanaovuka jenasi. Foksteli, Wodyetia bifurcata ya Queensland nchini Australia, iliyopewa jina la kisayansi mwaka 1983 tu, imeoanishwa na pamu za jenasi ya Veitchia. Vijani vya foksteli huzunguka uti wake pande zote. Vya Veitchia hukaa pande mbili. Vya mtoto hukaa katikati, vimejaa kiasi. Wafaransa nao waliunganisha pamu za jenasi mbili, Butia na Syagrus, mwishoni mwa karne ya 19, wakapata mti mzuri ambao kwa kawaida hauzai mbegu zinazoota.

Mipaka ipo. Mnazi uliopandwa ubavuni mwa mchikichi hautazaa nao hata wakiishi pamoja miaka hamsini. Mnazi uko peke yake ndani ya jenasi yake. Ndivyo ulivyo pia mnazi wa Ushelisheli wenye lile kokwa kubwa kuliko mbegu zote duniani, ambao unaweza kuuona katika bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 katikati ya mji.

Na hilo la "kubebesha" tulimalize. Mwembe na mchungwa hubebeshwa kwa sababu chini ya gamba lake kuna tabaka jembamba la seli zinazoendelea kugawanyika, zinazoweza kushikana na za mti mwingine. Pamu haina tabaka hilo. Huwezi kubebesha mnazi, wala kupanda kipande cha shina lake. Anayekuuzia pamu ya kubebesha anauza kitu kisichokuwapo.

Mabaka hutoka wapi

Pamu ya shina moja ina sehemu moja tu ya kukulia, kule kileleni, ndani ya moyo wa mti. Kila jani huzaliwa hapo. Ikitokea seli moja ya sehemu hiyo ikapoteza uwezo wa kutengeneza umbijani, watoto wa seli hiyo wote watakosa kijani, na kila jani litakalopita hapo litatoka na mstari wa njano au mweupe. Kwa kawaida mstari huo hukaa upande uleule wa mti, jani baada ya jani. Jirani wa seli hiyo akishinda nafasi, mti hurudi kijani kibichi. Seli yenye kasoro ikishinda, majani hutoka meupe matupu, na mti mweupe mtupu hufa njaa.

Wakati mwingine kasoro iko kwenye zile chembe ndogo za ndani ya seli zinazobeba umbijani, na kwa kawaida mmea huzirithi kwa mama. Mama wa mabaka huweza kuzaa mchanganyiko: miche ya kijani, yenye mistari na myeupe. Myeupe huishi hadi chakula cha ndani ya mbegu kiishe. Mche mweupe wa mnazi hudumu miezi, kwa kuwa nazi ni ghala kubwa, na ndiyo maana picha zake husambaa sana. Ukiuziwa, jua umenunua kitu chenye tarehe ya mwisho.

Kuna pamu chache ambazo madoadoa ni sura yao ya asili, kama Licuala ya Borneo iitwayo 'Mapu', na Pinanga kadhaa zikiwa changa. Hizo zinapotoka kwenye mbegu huja na madoa yao bila bahati nasibu.

Halafu kuna mabaka ambayo ni njaa au ugonjwa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ardhi ya Dar karibu na bahari ni mchanga unaopitisha mbolea upesi, na rasi ya Msasani imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye chokaa. Maji ya visima vingi yana chumvi. Pamu inayokosa potasiamu hutoa vidoa vya njano au rangi ya chungwa kwenye majani ya zamani, ncha zikikauka. Inayokosa magnesiamu hupata ukingo mpana wa njano huku katikati pakibaki kijani, sura ambayo mtu asiyejua ataiita pambo. Ikikosa chuma, jani jipya hutoka limepauka. Ikikosa manganizi, jani jipya hutoka dogo na limejikunja. Mnazi mkubwa unaoanza njano kwenye makuti ya chini ikipanda juu, huku nazi changa zikidondoka na maua kugeuka meusi, una dalili za ugonjwa unaoua minazi pwani yetu, si mabaka.

Kutenganisha kasoro ya kuzaliwa na njaa, nitakupa kipimo kimoja ambacho sijaona kikinikatisha tamaa: angalia mpaka wa rangi na umri wa jani. Mstari wa kuzaliwa una mpaka mkali, hutembea kwa urefu wa jani kufuata mishipa, na upo tangu jani likiwa bado limefumbwa. Njaa ina mpaka uliofifia na huzidi jani linavyozeeka, au hukaa kwenye umri mmoja tu wa majani. Mwagilia mbolea sahihi ya pamu miezi kadhaa. Njano ikiacha kuhamia kwenye majani mapya, ulikuwa umenunua mgonjwa.

Kwa kuwa pamu ya shina moja haikatwi wala haibebeshwi, mabaka yake hayanakiliki bustanini. Yanayoweza kuzidishwa ni ya pamu zinazoota kwa shada. Wajapani wamekuwa wakiikuza Rhapis excelsa ya mistari kwa karne kadhaa, wakigawa machipukizi yenye mistari mizuri na kuyapa majina. Ukiwa na areka ya mabaka, pamu nyingine ya kuota kwa shada, fanya hivyohivyo: subiri chipukizi liwe na mizizi yake, litenge pamoja na udongo wake, ukichagua lile ambalo mistari inaonekana hata kwenye kikonyo. Chipukizi la kijani mtupu ling'oe mapema, maana lina nguvu zaidi na litalifunika lenye rangi.

Pamu ya mabaka ina chakula kidogo kuliko mwenzake. Iweke penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kwa sababu sehemu nyeupe huungua. Maji kwa kiasi, kwani hukua taratibu na mizizi huoza upesi.

Ukitaka kutengeneza chotara wako, Phoenix ndiyo shule nyepesi. Chagua jike, funika karara yake kwa mfuko wa karatasi kabla haijapasuka, paka chavua ya dume unayemtaka maua yakifunguka, funika tena wiki mbili hivi, andika majina ya wote wawili, mama kwanza. Tunda likiiva, ondoa nyama, loweka kokwa siku moja au mbili, zika kwa kina kidogo. Tumia chombo kirefu, maana Phoenix hushusha mzizi chini kabla ya kutoa jani. Joto la Dar linatosha bila mtambo wowote. Miche ipeleke ardhini masika inapoanza.

Kwa anayevutiwa na mbegu za ng'ambo: kuingiza mbegu nchini kunahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na cheti cha afya ya mimea kutoka zilikotoka. Muulize anayekuuzia kama anavyo, kisha muulize zilivunwa lini, kwa sababu mbegu nyingi za pamu hufa zikikauka, na zikikaa bahasha miezi miwili huwa hakuna cha kuotesha.